Karatasi Thelathini za Mwalimu Rula

Jina la Rula tulimpa sisi wanafunzi wake, kwa vile alivyopima pambizo za madaftari yetu, na ole wako ikipinda kidogo. Alipostaafu akawa msimamizi wa kituo cha kura. Chaguzi nne, hakuwahi kukosea hata kura moja.

Mwaka huu tuliletewa mashine. Unabonyeza jina, inachapa karatasi, unaisoma nyuma ya kioo, kisha inadondoka sandukuni. Mashine kwa haraka, karatasi kwa ushahidi. Zikipishana, karatasi ndiyo yenye neno la mwisho.

Mimi nilikuwa wakala wa mume wangu, fundi cherehani aliyegombea udiwani kwa mara ya tatu, watu wakimcheka. Saa kumi na moja jioni mashine ikatoa matokeo: fundi 241, mpinzani wake mwenye duka 229. Nilipiga kigelegele hadi koo likakwaruza. Nje watu wakambeba mume wangu juujuu.

"Kaa kwanza, mwanangu," Mwalimu akasema. "Bado karatasi."

Tukahesabu. Mwenye duka 229. Fundi 211. Tukarudia. 211.

Mori ukanipanda. "Mmetuibia! Thelathini zimekwenda wapi?" Nikainama chini ya meza, nikakung'uta sanduku kama kichaa. Halikuwa na kitu.

Nilipoinuka, Mwalimu alikuwa ameshika mdomo. "Thelathini," akanong'ona. Akavuta droo, akatoa bahasha ya kura za majaribio. Asubuhi, kabla ya kufungua mlango, aliijaribu mashine kwa kubonyeza jina la kwanza mara thelathini. Jina la kwanza lilikuwa la mume wangu. Karatasi alizitoa zote, akazifunga. Hesabu ya mashine hakuifuta.

"Nilisahau, mwanangu. Mimi, nilisahau!"

Na ile fomu ya asubuhi, inayosema mashine inasoma sifuri kabla ya kura kuanza, ina sahihi yangu. Niliitia bila kutazama namba kwenye mashine. Nani angemkagua Mwalimu Rula?

"Mwalimu, usingehesabu..."

"Ningekuwa nimempa mtu kiti cha mwenzake." Akaandika 211, na chini yake: kosa ni la msimamizi. Akanisogezea kalamu. Safari hii nilisoma kila mstari, kisha nikatia sahihi.

Nilipotoka, mume wangu alikuwa bado mabegani mwa watu. Aliponiona mlangoni, akanipungia mikono yote miwili, akicheka.