Safari ya Kwenda Kunyolewa Kisangani

Nilitoka Opala kwa sababu ya nywele. Msicheke. Kwetu, mwanaume akifiwa na mke, wembe haumgusi mpaka mtoto wake wa kwanza amkate nywele. Hapo ndipo matanga yanaisha na watu wanarudi makwao. Mke wangu alilazwa Kisangani kwa ugonjwa wa malale, dawa zikashindwa, akarudi kufia nyumbani. Mvua zilikuja zikaisha, nami bado kichwa kama kiota, na shemeji zangu bado wanalala uwanjani kwangu, wanakula.

Mtoto wa kwanza ni Lisungi. Padiri alimbatiza Beatrisi, kisha Serikali ikasema majina ya wazungu basi, tukarudi kwenye jina la mama yangu. Sikuona hasara. Huyo alisoma mpaka Ulaya, akarudi Kisangani kuchunguza seli. Seli ni nini? Ngojeni, hata mimi sikujua.

Kwenye mto Lomami nilikaa nyuma ya mtumbwi peke yangu. Mtu wa matanga hakaribiwi. Mama mmoja muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, hakutaka kunipa mkononi.

“Papa, daka!” akanirushia.

Nilidaka. Nilikula nikitazama maji.

Isangi, Lomami inapoingia mto mkubwa, nilipanda boti ya injini. Tulipita Yanonge. Pale zamani nilimnunulia mke wangu kitenge chekundu, akasema ni rangi ya wasichana, akakivaa mpaka kikachanika. Bon, hiyo ni habari nyingine. Nilipoona uwanja wa ndege wa Simi-Simi nilijua tumefika mjini.

Kisangani, mlinzi wa maabara alinitazama ndevu, ndefu kama za padiri.

“Papa, unatafuta parokia? Iko ule upande.”

“Natafuta mtoto wangu.”

“Ah, citoyenne Lisungi! Alors ingia, ule mama hatokaka hata siku moja.”

Nilimkuta peke yake, na mvi ambazo sikuzijua. Viti vitano, mtu mmoja.

“Papa! Umekuja namna gani?”

“Kukuchukua. Matanga iko inakungoja.”

Alitazama sanduku moja lenye joto pale mezani. “Siwezi kutoka. Ndani mule kuna vidudu vya malale. Viko vinakula kila siku. Nikikosa siku moja, vinakufa.”

“Na wale wanafunzi wako?”

“Walienda. Mumoja iko Dakar, mwingine Nairobi. Wanavilisha kwa njia yangu. Hata Ulaya wanafuata njia yangu, wananiandikia merci.”

“Na wewe, nani anakulisha?”

Alicheka, akachukua samaki wa moshi niliyemletea. Ndipo akanieleza: “Mwili yako, Papa, iko nyumba ndogo-ndogo nyingi sana, zinashikana. Kila nyumba ni seli. Lakini kidudu cha malale ni nyumba moja tu. Iko yenyewe, haina jirani.”

Akaniweka jicho kwenye darubini. Niliona vitu vinajipinda-pinda kama samaki wadogo kwenye maji yanayokauka. Nilivipenda, nasema kweli.

“Ulivitoa wapi?”

“Kwa Mama. Nilijaribu damu ya wagonjwa wengi, vyote vilikufa. Hivi tu vilishika.”

“Hivi ndivyo vilimuua?”

“Ndiyo.”

“Na unavilisha!”

“Navilisha nijue vinajificha namna gani mu damu. Vinabadilisha nguo, Papa. Mwili ikivitambua, vinavaa ingine. Mutu akijua zile nguo zote, mama wa mwingine atapona.”

Nilikamata kichupa chao mule sandukuni. Kilikuwa na joto, kama kimetoka kwapani. Lisungi hakunizuia.

“Ukitaka, mwaga,” alisema. “Kesho tutaenda Opala sisi wawili.”

Nilitaka sana aje. Kuliko kunyolewa, nilitaka aketi nyumbani kwangu aseme neno. Nilikishika juu ya beseni la maji. Kisha nikakirudisha, nikatoa wembe mfukoni.

Aliupangusa kwa spiriti. Alininyoa pale pale, taratibu, maji yakidondoka kichwani. Mengine hayakuwa ya beseni.

Kurudi, watu walikaa karibu nami kwenye boti, na kwanga nikapewa mkononi.

Opala, shemeji mkubwa alinipapasa kichwa.

“Nani alikunyoa?”

“Lisungi.”

“Na yeye iko wapi?”

“Iko mu matanga,” nilijibu.

Hakuelewa, ila alikunja mkeka wake. Wote waliondoka. Nilidhani nitafurahi.

Nilichojifunza ni kwamba mimi nilitolewa matanga, yeye hapana. Siku hizi napika asubuhi, saa ile anapofungua sanduku lake kulisha vidudu. Nakula pole pole, nikikisia, ili tumalize pamoja.