Nta Kwenye Nywele za Mpiga Gitaa

Mkasa huu naona aibu hata kuuandika, ila kwa kuwa Kintinku nzima, kule ukweni, wanaujua na wengine wanautia chumvi, afadhali niuseme mwenyewe: ndiyo, mimi ndiye yule mfuga nyuki wa Itigi aliyempiga mama mkwe kibao mbele ya wazee, siku ya kupeleka mahari, hata kabla hajawa mama mkwe kamili.

Nianze na binamu yangu Chuma, maana bila yeye yasingetokea (ingawa si haki kumtupia lawama, nta ilikuwa yangu). Chuma anapiga gitaa la umeme, ule muziki wa roki nzito ambao Itigi anaupenda yeye peke yake na labda jenereta lake. Kwaya ilimtoa kwa kunguruma kwenye pambio. Anavaa koti jeusi la ngozi jua likiwa la utosi, nyimbo zake zote zinahusu kifo, isipokuwa mmoja unaohusu treni kuchelewa, na ana adabu sana: kwanza anawaamkia wazee, "Shikamooni!", halafu ndiyo anawatangazia mwisho wa dunia. Fahari yake ilikuwa nywele. Alikuwa hajazikata tangu amalize shule.

Nilimwalika atumbuize ukweni, nikiamini watafurahi (sijui niliamini kwa nini). Asubuhi ile akaniambia, "Kaka, nataka zisimame kama pembe, na mafuta yangu yameisha." Nikayeyusha nta, nikachanganya na asali kidogo ilainike, nikampaka. Uamuzi mdogo tu. Pembe zilisimama vizuri, hilo lazima niliseme.

Kumbe kiangazi kile hapakuwa na ua hata moja la kumpa nyuki chakula. Wimbo wa kwanza alikuja mmoja, sikumjali. Wimbo wa pili akaja na ukoo wake. Chuma akaanza kutikisa kichwa, kujipiga utosini, kupiga mayowe, na watu waliokuwa wamenuna tangu mwanzo wakainuka kushangilia. "Sasa huyu ndiyo anapiga!" akasema baba yake Rehema, mchumba wangu. Mama yake Rehema akaja mbele akicheza, noti mkononi, kumtuza. Akambandika noti kwenye paji la uso, ikanasa kwenye nta, mkono ukatoka na asali, na nyuki wakahamia kwa mama.

Sasa, kwetu mtu hamsogelei mama mkwe, hata njiani unampisha, sembuse kumgusa. Nikawa namzunguka kwa mbali, napunga kofia, naye anazunguka, nami nasema, "Mama samahani, mama pole, mama geuka kidogo!" Shangazi mmoja akapiga kelele, "Jamani, na mkwe naye anacheza!" nikapigiwa vigelegele. Hapo nyuki akatua shavuni kwa mama, karibu kabisa na jicho, na mkono wangu ukaenda wenyewe.

Paa!

Sauti ya gitaa ikakatika. Hata ng'ombe wa mahari walinyamaza, au labda hapo naongeza. Rehema akajifunika kanga usoni. Nikafungua kiganja niwaonyeshe nyuki, hakuwemo. Alikuwa amebaki shavuni, amepondeka. Mama akambandua, akamtazama.

"Wewe si ndiye mfuga nyuki?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyu mwenzio, asali kichwani kampaka nani?"

Ningeweza kusema sijui. Nilimwona Rehema akichungulia kwenye kanga.

"Ni mimi, mama."

Akamgeukia mumewe, jicho limeanza kuvimba. "Mume wangu, huyu hawezi kumdanganya binti yetu. Akili ya kudanganya hana."

Nikatozwa mbuzi kwa kumgusa mama mkwe, na mahari haikurudishwa.

Aliyepoteza ni Chuma. Nta haikutoka kwa sabuni wala maji ya moto, ikabidi anyolewe upara, na alilia. Siku ya harusi akaja na koti lake, akawaamkia wazee, akatikisa kichwa kwa nguvu zote na hapakuwa na cha kutikisika. Baba mkwe akaniinamia: "Yule mzuri, mwenye nyuki, ameshindwa kuja?"

Chuma alisikia. Mpaka leo hajanisema, na hilo linaniuma kuliko kama angenisema.

Nta yangu sasa ni ya mishumaa tu, simpaki mtu kichwani hata apige magoti. Na nyuki akimwendea mama mkwe, namwita mke wangu.