Ramani ya Kinamasi cha Bibi Delphine

Lorna Petryshyn alikuwa mhariri katika shirika la uchapishaji la chuo kikuu kimoja huko Alberta, Kanada, na alichojivunia kuliko vyote ni kwamba vitabu vyao havikuuzwa. Unafungua mtandao, unapakua, unasoma, basi. Alilisema hilo hata kwenye foleni ya kahawa, mpaka wenzake wakaanza kumkwepa.

Kitabu cha dawa za miti cha Bibi Delphine Auger, mganga wa Wakrii, wenyeji wa asili wa huko, alikihariri mwenyewe. Alimwendea na tumbaku, kama mila yao inavyompasa mwenye ombi zito, na bibi alipoipokea akawa amekubali, hata ramani ya kinamasi unakoota mzizi unaotafunwa kutibu kifua iingie. Lakini walichozungumza siku ile ni nakala mia tatu za karatasi, mtandao haukutajwa. Baadaye wakapatikana wafadhili wa kukitoa bure mtandaoni. Fomu yao iliuliza: mwenye maarifa ameridhia? Lorna alijua fika hajamuuliza. Ilikuwa Ijumaa, ana haraka, akatia alama ya ndiyo. Tusimtafutie visingizio, alijua.

Agosti iliyofuata bibi akapiga simu.

"We Lorna, kule kinamasini kwangu wamepita nguruwe?"

"Nguruwe gani, bibi?"

"Basi ni watu. Wamechimba wee, hawakubakiza hata kamzizi. Mmoja nimemkuta na simu yake, eti ananielekeza njia mimi." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu. "Baridi ikija nitatafuna nini, mama?"

Siku hiyohiyo Lorna akakiondoa kitabu mtandaoni, lakini kilikuwa kimeshapakuliwa mara elfu kumi na moja. Kabla ya simu ile alikuwa ameitangaza idadi hiyo mwenyewe kikaoni, na watu wakampigia makofi. Sasa kila akiikumbuka aliona haya mpaka masikio yanawaka moto.

Jumamosi akaendesha gari saa nne nzima, akaweka paketi ya tumbaku mezani kwa bibi na kumweleza yote, fomu, Ijumaa, ile alama. Bibi hakuigusa paketi.

"Mara ya kwanza uliomba, nikakupa. Leo unaomba nini?"

"Unisamehe, bibi."

"Aliyechimbwa si mimi. Kaombe kule kule."

"Sijawahi kufika huko. Sijui njia."

"Si una ramani?"

Lorna akatoka na paketi yake. Barabarani akakitafuta kitabu kwenye simu. Kwenye tovuti yao alishakifuta, lakini kilifunguka papo hapo kutoka kwingine, bure, na ramani ikampeleka bila kupotea hata hatua moja. Akapiga magoti kwenye tope, akatia tumbaku kidogo kwenye shimo la kwanza na kuomba radhi. Akaenda la pili, la tatu. Paketi ikaisha, na hata nusu ya mashimo hajaifikia.