Tanki ilijaa, robinet kavu

Ku Naviundu, mutaa yetu nzima, mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kuwa na chaudière, mashini ya kupasha maji moto. Masomo nilikuwa nayo kidogo sana. Nilikuwa naangalia bazungu banafunga tiyo, mabomba ya kupitisha maji, macho inashika, mikono inafanya.

Chaudière ilikuwa nje, nyuma ya jiko, inakula kuni. Maji ya kuoga haikuwa mule: ilikuwa mu tanki kubwa, juu mu dari. Maji ya chaudière inapata moto, inapanda mu tiyo moja, inazunguka ndani ya tanki mu tiyo yake, inapasha ile ya kuoga, inashuka mu tiyo ingine. Bila pompe ya kuisukuma! Bantu balikuwa banakuja kushangaa, nami nabaacha bashangae.

Bibi yangu alizaa ile wiki bunduki ilikuwa inalia mu muji. Kwetu Kasai, mwenye kuzaa anakandwa tumbo na maji ya moto kila asubuhi. Niliwasha moto, nikapanda kugusa tanki: moto sawasawa. Nikafungua robinet, bomba ya kuogea. Ikakohoa, ikanyamaza.

Nilijua palepale. Maji ya moto inatoka juu ya tanki kwa sababu maji baridi ya muji inaingia chini, inaisukuma. Na muji ilikuwa imekatwa maji. Chini ya tanki kulikuwa boulon moja, parafujo ya kuifungulia, lakini clé yake, spana, ilikuwa ku atelier kwenye nilikuwa natumika, ngambo ya barrière ya bajandarme, askari benye kufunga njia. Muto ya kuteka maji pia iko kulekule. Siku zile balikuwa banatuwinda sisi bageni: mwanaume wa Kasai akifika pale, harudi.

Mama mukwe hawezi kunisemesha uso kwa uso, ni heshima ya kwetu. Alikuwa nyuma ya mulango, anasemesha mutoto muchanga, mimi nisikie.

"Wee katoto, uliza baba yako: maji yake iko wapi?"

Nami nikajibia mutoto: "Ambia nkambo yako, iko juu. Imejaa."

"Aa! Basi mama yako apande mu dari kuoga?"

Bibi yangu akacheka, akashika tumbo, kicheko ikakatika.

Nilipanda na nyundo na koleo. Boulon haikusogea hata kidogo. Mikono yangu, ile ilifunga tiyo mu nyumba za bakubwa, ilikuwa inateleza tu.

Niliposhuka, bibi na mama yake balikuwa banafunga vitenge. "Twende ngambo, kwa mama yako mukubwa," mama mukwe aliambia mutoto. "Yeye iko na mbabula, jiko ya makala, na maji mu ndoo."

Banamuke balikuwa banaachiwa kupita ku barrière. Nilisimama nyuma ya rideau, pazia ya mulango. Bibi yangu alitembea polepole, akiegemea mama yake mwenye kubeba mutoto. Ku barrière, jandarme mumoja akafunua kitambaa, akaangalia uso ya mutoto, akauliza kitu. Sauti ya mama mukwe ikapanda, maneno sikusikia. Nilikuwa na nguvu ya kubeba ile tanki peke yangu, naapa. Muguu haukutoka ku mulango.

Jandarme akainua mukono. Bakapita, bakakunja njia.

Kama balimukanda bibi yangu, kama iko muzima, nilibaki kungoja muntu wa kuniambia.