Udongo wa Mume wa Winifrida

Mwalimu Celina, umenichosha. Kisomo nilikuja nijue kusoma barua zangu mwenyewe, si kuandika habari za watu kwenye gazeti la darasa. Basi chukua, na maneno yangu usiyaguse.

Winifrida alikuwa mpangaji wangu hapa Gerezani, Mchaga wa Kibosho, muuza vitunguu Kariakoo. Mumewe Tarsis, fundi wa karakana ya reli, alifariki wakati wa vita vya Kagera. Kwao maiti hurudishwa nyumbani kuzikwa mgombani. Lakini magari yalikuwa vitani, petroli hakuna. Wakamzika hapa hapa, Kinondoni.

Tangu hapo, kila alasiri mafundi wakitoka kazini, Winifrida huyo, mbio kufungua mlango wa uani. Eti kasikia kikohozi cha mumewe.

"Maiti hakohoi, Mama Polycarp," nikamwambia. "Yuko barzakhi, keshaulizwa maswali yake, anangoja Kiyama."

"Wa kwenu huulizwa maswali, Bi Fakhriya. Wangu anauliza njia."

"Basi mwonyeshe, atuachie mlango."

Akacheka. Mimi sikucheka, maana nami nilikuwa nimekisikia. Kikavu, cha mtu aliyekula vumbi la chuma.

Akaenda kaburini, akachota udongo, akaufunga kwenye kipande cha kitenge, aupeleke akaufukie mgombani. Alisema mtu hufuata udongo wake. Kabla hajapata nafasi kwenye treni, homa ikamlaza. Akanishika mkono: "Nikifa, niende pamoja naye. Nisilale Kibosho, yeye kabaki mlangoni huku."

Akafa. Mwanawe Polycarp, katekista, akapata lori la kumpeleka kwao. Nikamfuata na kifurushi.

"Shikamoo, Bi Fakhriya. Hicho sikibebi."

"Marahaba. Mamako kakiomba."

"Mama alikuwa na homa. Baba yuko kwa Mungu, huo ni upagani. Na wewe Mwislamu, unayaamini haya?"

"Siyaamini. Kiweke chini ya jeneza, nani atajua?"

"Mungu atajua."

Lori likaondoka.

Shehe nimemuuliza, kasema mwaga. Mkono umekataa. Sasa alasiri mlango naufungua mimi. Haingii mtu. Kikohozi kinasikika pale kizingitini, kinanyamaza, kinangoja. Tarsis alikuwa na adabu zake, hawezi kuingia kwa mwanamke asiye wake.

Darasani mpo watu wa Kibosho, nawajua. Atakayekwenda kwao kwanza apite kwangu. Imani yake simuulizi. Achukue udongo, aondoke nao.