Cheni ya Baba na Mjohoro wa Chumba cha Bibi

Baba alinunua chenso, ule msumeno wa mashine, kwa sababu ya ukaidi wa mama yake. Bibi analala chumba cha nyuma, na nyuma ya chumba hicho kulikuwa na mjohoro ulioinama juu ya bati kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Mvua za mwaka juzi tawi moja lilianguka hatua mbili kutoka ukutani. Tukamwomba bibi ahamie chumbani kwangu. Alikuja, akanusa, akarudi kwake.

"Bora mti," alisema.

Basi mti uondoke kabla ya mvua. Fundi tuliyemwita aliutazama mti, akautazama ukuta, akakumbuka ana msiba Nzega. Baba, ambaye ni muuza maharage Kanyenye na hajawahi kukata kitu kikubwa kuliko nyama ya Pasaka, akatangaza atakata mwenyewe.

Dukani tulikwenda na mtani wake, Mzaramo anayetengeneza pikipiki Ng'ambo. Kwa asiyejua: sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana popote, hata msibani, na wewe huna ruhusa ya kununa. Huyu wetu hutumia ruhusa yake kuanzia alfajiri.

"Kwa kazi za nyumbani chukua hii ndogo, mzee," muuzaji alishauri. "Nyepesi, mkono hauchoki."

"Mwache," mtani akadakia. "Babu yake alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Huyu asipobeba mzigo mzito anaumwa."

Ili kumkomesha, baba akachukua ile kubwa kuliko zote. Akaibeba begani mpaka nyumbani, akibadilisha bega kila alipodhani hatumwoni.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, na mimi ni kidato cha tatu, kwa hiyo nikateuliwa mkalimani. Nilitafsiri vizuri tu: changanya petroli na oili yake kwa kipimo, jaza oili ya cheni, kagua kama cheni imelegea, vaa miwani na buti. Halafu shetani akanigusa. Nikasoma kwa sauti ya padri: "Kabla ya kazi, mtumiaji ale mayai mawili ya kuchemsha, na msomaji wa kitabu ale matatu."

Baba akaitikia kwa kichwa. "Wenzetu wanajali afya."

Nilikula mayai siku nne mfululizo, mpaka dada yangu aliporudi kutoka chuoni na kuusoma ukurasa ule. Yaliyofuata siyaandiki. Niseme tu kwamba tangu hapo nikimwambia baba kumekucha, anatoka nje kuhakikisha.

Jumamosi kazi ikaanza. Majirani walifunga kamba juu ya mti na kuivuta kuelekea uwanjani, mbali na chumba. Baba akapunguza matawi, kisha akachonga pengo kwenye shina upande wa uwanja, tulikotaka mti ulale. Alibakiza kukata upande wa nyuma tu. Alipougusa tu upande huo, cheni ikagonga msumari wa kamba ya nguo uliokuwa umemezwa na mti siku nyingi. Cheche! Meno yote butu.

Akazima, akafungua cheni, akakaa na tupa kunoa jino moja moja kwa upole ambao mimi sijawahi kuonyeshwa. Akairudisha, akakaza, akawasha.

Chenso ilinguruma na kufuka moshi. Kukata, haikukata. Alipokandamiza, ilichora alama nyeusi kama chapati iliyosahauliwa jikoni.

"Mti mgumu huu," alisema.

"Mnyamwezi, umefunga cheni kinyume," mtani akamwambia. "Meno yanatazama nyuma."

"Mzaramo, wewe meno unayoyajua ni ya mbuzi ya kukunia nazi."

"Haki ya Mungu nakwambia kweli!"

"Mtani akiapa, ficha kuku."

Wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi, na upepo ukaanza kuyumbisha mti wenye pengo. Bibi yuko ndani, mlango kafunga, anasali rozari kwa sauti kubwa ili asisikie tukimwita.

Mtani akaona mambo yamekuwa mazito, akaacha utani. "Kaka yangu," alisema taratibu, "nakuomba kwa heshima zote, izime uiangalie."

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Baba hajawahi kuitwa kaka na yule mtu. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Leo umejiandaa! Leo umekuja na mpya!"

Nikakimbia na kitabu. "Baba, ona mchoro. Juu, meno yanatazama mbele."

"Na mchoro unasema nikuchemshie mangapi?"

Wavuta kamba nao wakaangua kicheko, kamba ikalegea, mti ukalia kraa na kurudi kuelekea bati. Hapo kicheko kikakata. "Vuteni!" Baba akawasha tena, akakandamiza kwa nguvu zote. Moshi tu.

Nikagonga mlango wa bibi. "Shikamoo bibi."

"Tulishaamkiana asubuhi. Umevunja nini?"

"Sijavunja. Baba kafunga meno ya mashine kinyume na anakataa kutuamini. Wewe atakuamini."

"Mnanidanganya nitoke."

Nilitafuta uongo mzuri, sikuupata. "Bibi," nikasema, "naogopa."

Neno hilo hajawahi kulisikia kinywani mwangu. Rozari ikanyamaza. Akatoka na fimbo yake, akapita moja kwa moja hadi shinani.

"Zima."

Baba akazima.

"Mundu hukata kwa makali au kwa mgongo?"

"Kwa makali, mama."

"Haya meno yanatazama wapi?"

Baba akainama. Akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nyuma."

"Geuza." Mtani akafungua kinywa. "Na wewe Mzaramo, kavute kamba."

Cheni ilipogeuzwa, unga wa mbao ulimwagika kama pumba mashineni. Mjohoro ukalala uwanjani wote, ukaondoka na bafu letu la mabati, lakini chumba cha bibi hakikupata hata mkwaruzo. Bibi akaingia, akafungua redio. Mvua ikashuka.

Dirisha likafunguka. "Nani kawatuma kuutoa mti wote? Mvua inapiga bati langu moja kwa moja, taarifa ya habari nitaisikiaje?"

Baba alikusanya magunia matupu ya maharage, akaegemeza ngazi, akapanda kwenye mvua ile ile kuyatandika juu ya bati la mama yake. Mtani alimshikia ngazi kwa mikono miwili, akimtukana ukoo mzima.