Msiba Wangu Nikiwa Hai

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kupanda Newala na malori yao kufuata korosho, mdogo wangu wa kiume aliwatangazia watu wa kijijini kwetu Kitangari kwamba nimekufa. Mimi nilikuwa nafundisha Masasi. Simu hatukuwa nazo, na barua ilikaa njiani hata wiki mbili. Alisema nimegongwa na gari, maiti iko hospitali na inahitaji usafiri. Watu wakachanga. Akaziweka rambirambi mfukoni akaondoka kwenda kunileta.

Shule zilikuwa zimefungwa. Siku ya pili ya msiba nikashuka kwenye lori na begi langu, nikakuta wanawake wameketi kwenye mikeka uani kwetu. Hakuna aliyepiga kelele. Mama alikuwa ndani, amejifunika kanga gubigubi. Nilimwamkia. Alinishika viganja, akavitazama, akavigeuza, kisha akajilaza sakafuni kama mtu aliyetoka kulima.

Mdogo wangu alirudi kesho yake amevaa koti la mitumba. Alitukuta wote tumekaa.

"Mnanitazama nini?" aliuliza. "Si huyu hapa, mzima?" Kisha akanigeukia. "Ungekuwa unakuja kumwona mama kila mara, dada, nani angeniamini?"

Kilichonichosha ni kwamba kwa kitambo nilijiuliza kama kosa ni langu.

Hakuwa ameanza siku hiyo. Akiwa na miaka minane aliwavunja miguu kuku wa jirani, mmoja mmoja, akakaa kuwaangalia wakijikokota. Marehemu baba, aliyekuwa mwalimu wa dini kanisani, alimfunga kwenye mkorosho akamchapa mpaka fimbo ikakatika. Kamba niliileta mimi. Baada ya hapo alichapwa karibu kila wiki, na kila wiki alilia kidogo zaidi, hadi akaacha kabisa kulia.

Baada ya msiba ule, mjomba alimpeleka kwa mganga wa Makote, akanyolewa na kuchanjwa. Kanisani aliombewa, akatubu kwa machozi yaliyowaliza wazee. Juma lililofuata alimpiga mama ngumi ya bega kwa sababu maji ya kuoga hayakuwepo, na mama alikuwa ametoka kuyafuata bondeni, ndoo kichwani.

Ndipo nikamdanganya kwamba kuna kazi Masasi, nikampeleka hospitali alikokuja daktari wa magonjwa ya akili. Daktari alizungumza naye peke yake, kisha akaniita. Nilitaka aniambie ni wazimu, maana wazimu una vidonge.

"Hana wazimu," alisema. "Anajua anachofanya. Anachokosa ni kuumia pale mwenzake anapoumia."

Nikamuuliza nani alimfanya hivyo. Alisema wengine huzaliwa na mbegu ya hali hiyo, na malezi ya kipigo huikuza; kwa mdogo wangu hakuweza kupima kipi kilizidi. Nikamwambia kuhusu kamba. Akaniuliza nilikuwa na miaka mingapi. Nikasema kumi na mmoja. Akaandika.

Dawa ya kuibadili tabia ile hakuwa nayo. Alishauri aache pombe, aje kuzungumza kila mwezi, na sisi tuwe na mipaka isiyobadilika: akipiga, anaondoka. Jambo la kwanza, alisema, ni kumtoa mama pale nyumbani.

Mama alikataa miezi saba. Alisema mtoto hahamwi. Alikubali alipotupiwa sufuria la moto, akaja kuishi kwangu Masasi, na kila jioni akanilaumu kwa upole.

Kwa karibu miaka miwili nilikwenda kliniki kukutana na mdogo wangu. Mara nyingi hakutokea, nikakaa kwenye benchi peke yangu na daftari za kusahihisha. Pombe aliipunguza. Kupiga watu aliacha, nadhani kwa sababu aligundua kunamletea usumbufu. Alijifunza pia kusema "Nimekosa, dada," kwa sauti ileile ya kuomba chumvi.

Leo ana mvi. Analima mikorosho ya baba, hagombani na mtu, na majirani husema amepona. Mama alipougua mara ya mwisho, mdogo wangu alikuja akakaa siku tatu, akamchotea maji, akamgeuza kitandani vizuri kuliko mimi. Nilimtazama usoni muda wote nikitafuta kule kuumia. Siku ya tatu alisema amechoka, akaomba nauli, nikampa.